Laiki elfu, wa kuitikia salamu wangapi?

Kabla hujamaliza bando lako la leo, hebu nikuulize swali moja la kichokozi. Mtandaoni una wafuasi wangapi? Mia tano? Elfu mbili? Poa sana. Sasa katika hao, ukiamka kesho ukaandika "Jamani, habari za asubuhi," basi, bila picha ya demu, bila kashfa ya mtu, bila kuahidi vocha, watakuitikia wangapi? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kimoyomoyo.

Mimi ni mtoto wa Kibondo ninayekula na kulala Kasulu. Kazi inayonipa ugali ni kuuza chaja na makava ya simu karibu na stendi. Kazi ya pili, ambayo haina mshahara wala likizo, ni kuendesha ukurasa wa Facebook na makundi mawili ya WhatsApp ya watu wa huku kwetu. Wafuasi hata elfu nne hawajafika. Washikaji wa Dar wakiisikia hesabu hiyo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu, kucheka hakulipiwi kodi. Ila wakitaka kujua watu wanapatikanaje na wanatunzwaje wasikimbie, waje kijiweni kwangu niwape somo bure.

Somo lenyewe linaanzia kwenye salamu. Sisi Waha, salamu si neno la kurushiana mnapopishana kama bodaboda. Unasimama. Unapiga makofi taratibu, unasema "Mwidiwe," unaulizwa wewe, mkeo, watoto, ng'ombe, mvua ya kwenu, maharage yameshikaje. Nawe unauliza vilevile, moja baada ya moja. Mtu wa mjini anaona longolongo hizo zinampotezea muda. Kumbe pale ndipo mtu anapopimwa. Anayepita mbio bila kusalimu, watu humkata jicho: huyu ana lake jambo.

Basi nilipofungua kablogu kangu mwaka 2016, sikuwa najua mambo ya wataalamu wa kuvuta watu. Nilijua kusalimia. Nilianza na watu 40, na nusu yao walikuwa ndugu zangu wa damu, hawakuwa na pa kukimbilia. Kila asubuhi naweka "Mwidiwe," halafu bei ya debe la maharage gulioni, halafu mvua imenyesha wapi, Heru Juu au Makere au kule Mabamba mpakani. Mwisho matangazo: nani kafiwa, nani anaoa, mbuzi wa nani kapotea, cheti cha nani kimeokotwa stendi. Basi. Hakuna cha umbea wala nini.

Nikashangaa wanakuja. Na wengi hawakuwa wa Kasulu wala Kibondo, walikuwa wa mbali! Ukiijua historia hutashangaa. Enzi za ukoloni, Buha ilikuwa ghala la manamba. Wazee wetu walisombwa kwenda kukata mkonge Tanga, na wengine hawakurudi tena. Wajukuu zao wako huko mpaka leo, na wengine wametapakaa Dar, Morogoro na kwingineko. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia mvua imenyesha Heru Juu, umempa zaidi ya habari. Umemkumbusha ana kwao. Siku moja kijana mmoja wa Muheza, ambaye hajawahi kukanyaga Kigoma hata kwa ndoto, aliniandikia akiuliza kijiji cha babu yake kiko upande gani wa barabara. Niliuliza kwenye ukurasa. Mpaka jioni alikuwa amepata shangazi watatu!

Usidhani hii ni akili yangu mwenyewe. Waliozaliwa zamani kidogo wanazikumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu ananunua kadi kwa pesa yake, anaorodhesha watu wa kuwasalimu, halafu anakaa na redio sikio limesimama kama la sungura, kisa asikie jina lake. Wagonjwa nao walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole. Wakatokea hadi wanasalamu maarufu, mtu hajulikani kwa sura lakini jina lake linajulikana Mtwara mpaka Bukoba. Huku kwetu magharibi, mwaka 1995, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kule Ngara, wakati wakimbizi wa Rwanda wamejaa. Kwizera maana yake ni matumaini. Mtu aliyepotezana na nduguye vitani, jina kutajwa redioni si burudani, ni uhai.

Na hata kwenye blogu, waliotutangulia walipita njia hiyohiyo. Septemba 2005, mpiga picha Issa Michuzi akiwa Helsinki, Finland, alifungua blogu yake kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa anablogu kwa Kiswahili katika Jikomboe. Michuzi akawaita wasomaji wake "wadau," akaweka picha za mikutano, harusi na misiba, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanafungua kila asubuhi kama wanaofungua dirisha. Mtu alikuwa anajitafuta yeye, au anamtafuta binamu yake kwenye picha ya harusi. Ni kadi ya salamu ileile, imebadilisha nguo tu.

Mwaka 2018 ukaja na kimbembe chake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu wajisajili na kulipa ada, na ukijumlisha zote mwaka ule zilivuka shilingi milioni mbili. Milioni mbili, mtu wangu, na mimi nauza chaja! Wenzangu wengi nchini walifunga, nami nikafunga. Ila kabla sijafunga nilifanya jambo moja ambalo wajanja wa mjini waliliona la kishamba. Nilichukua daftari la kaunta, nikaomba namba ya simu ya kila aliyekuwa ananiitikia salamu. Jina, kijiji, namba. Zikafika 312. Kwa namba hizo nikaanzisha makundi ya WhatsApp, na baadaye ukurasa wa Facebook. Blogu ilikufa, watu walihama na mimi kama familia inayohama nyumba ya kupanga.

Sasa kuwapata watu ni nusu ya kazi. Kasheshe ni kuwatunza. Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha, maana ukishaonja utamu wa laiki unataka kesho ziwe mbili, keshokutwa nne, na habari ya maharage haikupi hizo. Inayokupa ni habari ya moto. Na huku kwetu, habari ya moto inaunguza kweli.

Wewe wa Dar huenda hujui. Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, ipo tangu 1996. Kibondo kulikuwa na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Agosti 2019, serikali ya Tanzania na ya Burundi zilikubaliana wakimbizi wa Burundi waanze kurejeshwa kwao kuanzia Oktoba. Hiyo ilikuwa kweli, ilitangazwa. Basi ukweli huo ukazaa watoto wa haramu. Usiku mmoja nikatumiwa ujumbe na watu wanne tofauti: "Nduta inafungwa Jumatatu, mwenye deni akimbilie deni lake." Hauna jina la mtu, hauna muhuri, hauna chochote.

Mshikaji wangu mmoja akanipigia: "Weka haraka, wewe, kabla wengine hawajaweka! Leo unapata wafuasi elfu." Nikamuuliza, nani kasema? Akajibu, "Watu wanasema." Nikapiga simu kwa mfanyabiashara ninayemwamini kule Kibondo, kwa mwenyekiti mmoja wa kijiji, na kwa binamu yangu anayefanya kazi jirani na kambi. Wote wakasema hawajasikia lolote kwa mkubwa yeyote. Sikuweka. Nikaandika tu: "Kuna ujumbe unazunguka kuhusu Nduta. Nimeuliza watu watatu, hakuna aliyethibitisha. Nikijua nitawaambia."

Loo! Nilitukanwa. Nimenunuliwa, mwoga, nimelala. Wiki ile watu zaidi ya 200 waliondoka. Ukurasa mwingine uliuweka ujumbe ule kama ulivyo, na laiki zikamiminika. Jumatatu ikafika, kambi ipo palepale. Lakini mama mmoja ninayemfahamu, aliyekopesha unga kwa watu wa kambini, alikuwa ameshakwenda kudai kwa fujo, akarudi kanga imechanika na pesa hana. Mdeni wake alikuwa ameshauza baiskeli kwa bei ya kutupa ili awe tayari kuondoka. Waliojaza laiki hawakumrudishia baiskeli.

Baada ya hapo kikatokea kitu. Kila uvumi ulipopita, watu, hata wale walionitukana, walikuwa wananiandikia pembeni: "Hebu tuambie wewe, ni kweli?" Hapo nikaelewa nina watu wangapi hasa. Watu wako ni wale wanaokuuliza kabla hawajaamini. Hesabu ya kwenye skrini ni mapambo.

Jambo lingine ni ulimi wa wageni wako. Ukurasa ni sebule yako, bwana. Mtu akimtukana mgeni mwenzake sebuleni kwako, lawama ni zako. Huku kwetu kuna tusi moja ambalo mtu wa pwani hawezi kuona uzito wake: "Wewe Mrundi." Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu, na Waha wengi wameshawahi kuulizwa uraia wao kwa sababu tu ya lafudhi. Sasa wanaume wawili waligombania mpaka wa shamba, ugomvi ukahamia kwenye komenti. Mmoja akaandika: "Baba yako alivuka Malagarasi usiku, tunajua." Ndani ya dakika kumi kulikuwa na komenti 60, ukurasa unachemka kama chungu cha maharage. Mtu mwenye njaa ya laiki angekaa pembeni apige makofi.

Nilifuta yote, nikampigia simu aliyeandika. Sikumgombeza. Nilimsalimu kwanza, mke, watoto, mvua. Halafu nikamwambia: maneno haya yanaweza kumfikisha mwenzako ofisini kujieleza yeye ni nani, na shamba litabaki palepale bila mpaka. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hasira tu, ndugu yangu." Tangu siku hiyo sheria ya ukurasa ni moja na imebandikwa juu: ugomvi wa shamba ujadiliwe shamba, asili ya mtu haijadiliwi. Na anayedhani mtandaoni hakuna mwenyewe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kwa kuchapisha uongo faini yake inaanzia shilingi milioni tano au jela. Hata bila sheria hiyo, mimi ninaishi na hawa watu. Nikizusha asubuhi, mchana nakutana nao sokoni.

Halafu kuna hili la kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na waliokuwa na maelfu ya watu wao kule wakabaki wanahangaika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ukurasa wangu ukazimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Katika siku hizo hizo, bibi mmoja alifariki Kasulu. Watoto wake wako Mwanza, Tanga na Dar, na nyumbani namba walizokuwa nazo zilikuwa za zamani, hazipatikani.

Mwanafamilia akanifuata dukani: "Wewe si ndiye una watu?" Nikatoa lile daftari la kaunta, kurasa zimeshaliwa na panya pembeni. Nikapiga namba saba. Ya nne ilikuwa ya yule kijana wa Muheza, ambaye anamjua mtu anayemjua mtoto wa kwanza wa marehemu. Kabla jua halijazama, watoto wote watatu walikuwa wamepata habari ya mama yao kwa sauti ya mtu, kwa simu ya kawaida, hata kiswaswadu kingetosha. Hakuna aliyekuwa mtandaoni siku ile, lakini watu wangu walikuwepo wote.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, sikukatishi tamaa. Anza na wale 40 wanaokujua. Waambie kitu wanachokihitaji kesho asubuhi, hata kama ni bei ya maharage. Jibu kila anayekusemesha kabla hujalala. Ukichoka, punguza kuposti, usipunguze kujibu. Usiweke usichokiuliza. Watajirishe kwa habari kabla hujawauzia chaja. Na nunua daftari. Shilingi elfu chache tu, halihitaji bando.

Haya, mpenzi msomaji, mimi naishia hapa. Kuna mama wa Makere kaniandikia tangu alfajiri anaulizia mbegu za maharage, na salamu yake bado sijaiitikia.