Kasigau, Mlima Tuliokuwa Tukiupita

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akishaswali katika msikiti wa Sayyid Baghali pale Mackinnon Road na kurudi garini, huuona baadaye upande wa kushoto mlima mmoja umesimama peke yake katika nyika. Miaka mingi tumeupita tukiwa na haraka zetu, watoto wakiuliza jina lake nasi tukiwajibu kwamba ni milima ya Wataita, basi. Likizo ya Agosti tuliona haya kujibu hivyo tena. Tulikata kushoto Maungu, tukashika njia ya vumbi hadi Rukanga.

Kasigau una mita 1,641 kutoka usawa wa bahari. Si mrefu, ila ni mkongwe: ni jamaa wa Usambara na Upare, katika safu ya milima ya kale inayoanzia Tanzania na kuishia Taita. Chini yake ni migunga, mibuyu na ardhi iliyopasuka kwa jua. Ukipanda, hewa hubadilika hatua kwa hatua, hata ukafika penye msitu ambao miti yake hudondosha maji ilhali hakuna mvua.

Maji hayo asili yake ni kwetu. Upepo wa kusi huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi, ukavuka nyika yote bila kuuacha, kisha ukaugonga mlima huu na kupanda. Ukipanda hupoa, ukawa ukungu, nao ukungu hukamatwa na majani. Mabomba hushuka kutoka msituni hadi vijijini, Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na kwingineko, bila mashine yoyote, kwa mteremko tu. Msitu huo ukikatwa au kuungua, upepo utapita na maji yake.

Huko Bungule tulipokewa na bibi mmoja asukaye vyondo vya mkonge. Alitutolea maji tukatawadha. Yalikuwa baridi hata watoto wakapiga kelele. Alipokwisha kutuuliza hali, akauliza tutokako.

“Pwani, bibi.”

“Basi tuna makaburi kwenu.”

Hatukumwelewa. Akaweka chondo chini, akatueleza. Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakiugombea mlima huu, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia adui. Waliwakusanya wote, wanawake, wazee na watoto wachanga, wakawahamishia Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlimani waliangukia joto, homa na njaa, na wengi walifia huko. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea chini ya mlima wao ila katika miaka ya 1930.

Mmoja wetu amezaliwa Malindi na kusomea huko. Hajapata kuyasikia hayo, wala sisi wengine. Alimuuliza bibi makaburi yako upande gani wa mji.

“Mwanangu, mimi sijafika. Nilidhani wewe ndiwe utakayeniambia.”

Tulinunua vyondo viwili bila kuvutana bei. Tuliporudi Mombasa usiku, kusi ilikuwa ikivuma kutoka baharini, ikielekea huko tulikotoka, na mwenzetu wa Malindi alikuwa tayari amempigia simu mama yake kuuliza.