Wosia kwa Mwanangu Mfasiri

Mwanangu, macho yangu hayasomi tena herufi ndogo za simu na miguu hainifikishi Bungoma kama zamani, ndiyo maana naandika mapema, kwa mkono, kalamu ingali inanitii. Ulipokuja Kitale ukasema umepata kazi ya kufasiri mazungumzo ya filamu kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kisha usiku nikakuona umekaa mbele ya kompyuta, umekwama kwenye neno moja tu, "honey", na nikajua kwamba mambo ya sheria na siasa utayapata kwenye kamusi, ila maneno ya mapenzi yatakuangusha. Utaanguka, mwanangu, tena mara nyingi, na upendo wangu kwako hautapungua hata chembe.

Kihispania changu, unajua, nilikipata hapa hapa. Wamisionari wa Kihispania waliokuwa wakielekea Turkana walipitia Kitale, maana barabara ya Lodwar inashika njia ya Kapenguria kutoka mjini petu, na baadhi yao niliwafundisha Kiswahili nao wakanilipa kwa lugha yao. Walichonifunza kwanza ni kwamba asali kwao ni "miel", lakini mke wa Kihispania akimwita mumewe mezani huenda akasema "cariño", au "mi amor", au "cielo", yaani mbingu. Kwa hiyo usifasiri asali. Tazama ndani ya ile nyumba ya filamu uone nani anamwita nani na kwa nini: anambembeleza, anamtuma dukani, au wamegombana tangu asubuhi na neno tamu limegeuzwa mwiba? Mwenye haraka huandika neno la kwanza lililomjia, na watazamaji wa nchi nzima humcheka asiwepo kujitetea.

Kuna mtego mwingine ambao lugha zetu hazikukuzoeza. Tukisema "mpenzi" au "mpendwa" hatuulizi kama ni mume au mke, na Kiingereza nacho kikisema "dear" hakiulizi. Kihispania mara nyingi hakikubali hivyo. Mwanamume ni "querido" na mwanamke ni "querida", na herufi moja ya mwisho inaweza kumgeuza baba wa watu kuwa bibi. Ukiletewa mstari mtupu bila picha, usibahatishe, waandikie waliokupa kazi uwaulize. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ile "dear" inayofungua barua ya kwenda benki haina mahaba yoyote, hiyo iandike "estimado", vinginevyo meneja atashangaa amependwa lini.

Sasa nikuambie penye utajiri wako. Kwetu Bungoma mtoto mchanga wa kiume huitwa "papa" na wa kike "mayi", baba na mama, na anayewaita hivyo ni yule yule aliyewazaa. Wewe mwenyewe nilikuita papa kabla hujaota meno. Mwingereza akisikia hushangaa, lakini mama wa Mexico au wa Kolombia humwita binti yake "mamita" na mwanawe "papito" bila kuona ajabu, na mke humwita mumewe "viejo" kama vile mama yako anavyoniita mzee, tangu siku ambazo sikuwa na mvi hata moja. Basi mama wa filamu akimwambia bintiye "sweetheart", na watazamaji wako wakiwa watu wa nchi hizo, neno unalolihitaji ulilinyonya pamoja na maziwa. Wenzako waliosoma vyuo vikubwa watalitafuta kwa jasho. Hata hivyo shika adabu yake, kwa sababu "mamita" hiyo hiyo, ikitupwa na mwanamume wa barabarani kwa mwanamke anayepita, ni utovu wa heshima, na kijana wa stendi ya Kitale anayewasumbua wasichana kwa "mrembo, mrembo" ataelewa haraka kuliko profesa.

Hili la mwisho linanikera moyo, nalo nitalisema polepole. Nimekusikia kwenye simu ukimwita yule binti wa Kiminini "mi amor", na baada ya siku chache ukamwita hivyo hivyo mwingine ambaye sauti yake siifahamu. Najua inavyokuwa: neno la kigeni halikuchomi mdomo. Ungeona aibu kulitamka kwa Lubukusu, lugha yetu, mbele ya shangazi zako, kwa kuwa kwa Lubukusu lingeleta maswali ya ukoo na ya mahari, lakini kwa Kihispania linateleza tu kama mchezo. Yeye aliyelisikia halichezei, mwanangu. Ameliweka, anahesabu miezi juu yake, na pengine amekwisha kumwambia mama yake. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na wewe unamtoa mtu ambaye hajakukosea lolote. Ahadi ni deni hata ikisemwa kwa lugha ambayo mdai wake hakuisoma, na nimeishi vya kutosha hapa kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia kuona wanaume wazima wakilipa madeni ya aina hiyo uzeeni, mbele ya watoto wao wenyewe.

Kwa hiyo nenda Kiminini kabla ya mavuno. Kama unamtaka, mwambie kwa lugha ambayo mimi na mama yako tutaweza kwenda kuirudia kwao. Kama humtaka, mwambie hivyo ana kwa ana, usiandike ujumbe.

Kamusi yangu ichukue utakapokuja Desemba. Pembeni mwa maneno ya mahaba nimeandika kwa penseli yanasemwa wapi na nani humwambia nani, lakini maandishi hayo yanaishia Hispania na Mexico tu. Ya Kolombia na Argentina utawauliza wenyewe.