Dozi Moja, Wazee Wawili

Ulimi hauna mfupa. Methali hii nimeikariri tangu darasa la nne, nikaipachika katika insha zangu nyingi nikitafuta alama, lakini maana yake sikuijua mpaka siku niliposimama katika wodi nikamfokea mtu aliyekuwa akimwokoa babu yangu. Msomaji mpenzi, tega sikio nikusimulie.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa kiko na busaa. Jioni hungemkosa chini ya mparachichi wake, moshi ukimfuka puani na hadithi zikimtoka kinywani. Kisha kidonda kikamtokea ubavuni mwa ulimi. "Ni jino tu linanikwaruza," akasema. Akasukutua kwa maji ya chumvi, wiki zikageuka miezi. Mama alipomburura hospitalini, tezi la shingoni lilikuwa limefura kama yai la kanga. Madaktari wakakata kinyama kidogo, wakakipima. Jibu likaja: saratani ya ulimi.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Yake ilikuwa saratani ya findo la koo. Walikuwa wa kimo kimoja na uzito karibu mmoja, na kwa kuwa dozi ya dawa hizo hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, wakaandikiwa dawa zile zile kwa kipimo kile kile: sisplatini na fluorourasili, dripu ya siku tano, kabla ya kupelekwa kwenye mionzi. Wakaanza kuitana "pacha".

Siku ya nne nilifika na uji wa babu. Loo! Nilimkuta midomo imechubuka kama aliyemwagiwa maji moto, tumbo linamwendesha, hata mate hawezi kuyameza. Pacha wake ameketi kitako, anakunywa chai na kusoma gazeti. Wakati huo huo sista wa zamu alikuwa ameinama, anaifunga dripu ya babu. Damu ikanichemka.

"Wee sista! Umempa babu dawa gani? Kwani huyu mwingine amewapa kitu kidogo ndio apewe dawa nzuri?"

Wodi nzima ikanyamaza. Sista hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Pole, kijana. Nimemwita daktari. Hebu nipishe kidogo."

Kumbe ni yeye aliyeona mambo yanaenda mrama, akaisimamisha dripu na kumwita daktari mbio. Vipimo vikaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zilikuwa zimeshuka vibaya. Lau dawa ile ingeendelea, tungemzika babu wiki hiyo.

Jioni daktari alituketisha mimi na mama, akatueleza kwa utulivu. Fluorourasili ni sumu kwa seli za saratani, lakini pia huumiza seli njema. Kinachotusalimisha ni kimeng'enya kilichomo hasa katika ini, ambacho huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo ili itolewe mwilini. "Fungulieni mapipa mawili maji kwa kasi moja," akasema. "Pipa lenye tundu pana chini halijai. Lenye tundu lililozibika hufurika." Babu, alishuku, ni pipa la pili.

Tundu hilo huchimbwa na jeni iitwayo DPYD. Jeni ni kama sentensi ndefu iliyoandikwa kwa herufi za DNA, na wanadamu hatuandikwi herufi zote sawa. Sisi wa Chama cha Kiswahili twajua: badili herufi moja tu, baba huwa babu, na pona huwa pora. Herufi moja ikibadilika mahali fulani katika DPYD, kimeng'enya hupungua nguvu. Mtu anaweza kuishi miaka 70 bila kujua, kwa maana jambo hilo halimsumbui mpaka siku atakapokutana na dawa hiyo.

Mama akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na kwani hamngempima kwanza?" Daktari akashusha pumzi. Barani Ulaya, mwaka 2020, shirika linalosimamia dawa lilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kupewa dawa hii. Lakini mabadiliko ya herufi yanayotafutwa huko ni yale yanayoonekana hasa kwa watu wa asili ya Ulaya. Lipo jingine, liitwalo Y186C, linalopatikana kwa watu wa asili ya Afrika, na orodha ya Ulaya haikulitia. Hivyo Mwafrika anaweza kupimwa kwa orodha hiyo, akaambiwa yu salama, kumbe ana lake. Ndiyo maana daktari wetu alitaka kimeng'enya chenyewe kipimwe. Tuliuza mtamba, damu ikapelekwa nje ya nchi, na majibu yakathibitisha: kimeng'enya cha babu kilikuwa pungufu.

Hapo nikakumbuka somo letu la Biolojia kuhusu urithi. Ikiwa babu alikuwa na nakala moja mbovu, basi mama ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi, nami moja katika nne. Nilichokifokea wodini huenda ninacho mwilini mwangu.

Nilirudi kwa sista kesho yake, kichwa chini kama kondoo. "Sista, nisamehe." Akacheka kidogo, "Si wa kwanza wewe. Mkishikwa na uchungu mnatafuta wa kumshika." Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Babu alipata nafuu, akabadilishiwa dawa, akapewa mionzi. Hata hivyo saratani ilirudi shingoni, naye akatuaga mwezi wa tatu mwaka huu. Pacha wake alikuja mazishini kwa miguu yake. Nyuma ya hema nikasikia wazee wakinong'ona: "Huyu ndiye aliyemwibia mzee nyota. Wangeponaje mmoja tu?"

Safari hii nilikuwa na la kujibu. Nikawaambia kwa heshima: wazee wangu, jina la ugonjwa lilikuwa moja, lakini magonjwa yalikuwa mawili. Saratani ya mwalimu ilitokana na virusi vya papiloma. Ya babu ilitokana na tumbaku na pombe, na katika saratani za namna hiyo, mara nyingi moshi huwa umeharibu jeni iitwayo TP53, mlinzi anayezuia seli mbovu kuzaana. Uharibifu huo haukurithiwa. Ulitokea ndani ya uvimbe wenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulihusu saratani za koo karibu na mafindo. Baada ya miaka mitatu, wenye saratani ya virusi asilimia 82 walikuwa hai. Wasio na virusi, asilimia 57. Hakuna nyota iliyoibwa.

Sijui kama wote waliniamini. Mmoja alitikisa kichwa. Mwingine alikwenda akamletea mwalimu kiti.

Msomaji mwenzangu, hayo ndiyo niliyoyaokota. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu kipeleke kwa daktari, usikipe majina. Tumbaku iache kabla haijakuanza. Dada zetu wenye umri wa miaka 10 walianza kupewa chanjo ya virusi vya papiloma kote nchini Kenya mwaka 2019, wasiikimbie. Na mtu wa ukoo wako akidhurika na dawa, liandikeni jina la dawa hiyo, mlihifadhi kama hati ya shamba. Sisi tumeliandika nyuma ya picha ya babu, ukutani sebuleni.

Zaidi ya yote, ukiona mmoja amepona na mwingine hakupona, usikimbilie kutafuta mchawi wala mla rushwa. Mimi nilikimbilia. Babu alipoteza ulimi wake kwa saratani. Mimi nilikuwa mzima, lakini siku ile wodini, wangu ndio uliokuwa mgonjwa.