Kutoka Fwaye hadi Barza

Wanawake wa kambi ya Union Minière hapa Lubumbashi walikuwa na mahali pao pa mchana. Waume wakishaingia kazini na watoto wakishakwenda shule, wao walikwenda fwaye, nyumba ya mafunzo waliyojengewa na kampuni. Mama yangu alianza kwenda huko akiwa bibi arusi, mji ukiitwa bado Élisabethville, na hakuacha hata baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na baadaye kupewa jina la Gécamines. Huko alijifunza kushona kwa cherehani, kufuma sweta, kuogesha mtoto mchanga, kupika vyakula ambavyo nyanya yake kijijini hakuvifahamu. Masista na mamonitrise, walimu wa kike wa fwaye, ndio waliosimamia. Siku ilikuwa na utaratibu wake: wimbo, somo, kazi ya mikono, maongezi, kisha kila mmoja anarudi nyumbani kuweka sufuria ya bukari, ugali wetu, juu ya jiko la mbabula.

Kampuni haikujenga fwaye kwa huruma. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwataka wafanyakazi waishi kambini na wake zao, kwa kuwa mtu mwenye familia hakimbii kazi, na mwenye mke aliyefundishwa usafi haugui ovyo. Mama alilielewa hilo vizuri. "Balitufundisha kwa faida yao," alikuwa akisema, "lakini sweta nilifumaka miye." Nimeikumbuka kauli hiyo mara nyingi katika miaka ya kumtunza, maana mikono yake ilikuja kudumu kuliko karibu kila kitu kingine alichokuwa nacho.

Fwaye yetu ilikufa pamoja na kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, ukaja uporaji wa 1991, yakaja mafarakano yaliyowafukuza watu wa asili ya Kasai kutoka Katanga, na kufikia 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikakatika. Mgao wa unga ukakatika. Kambini watu walizoea kusema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama, na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alipoandika kitabu chake cha 2001 juu ya familia hizi, aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba yangu aliondoka katika ule mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ambao kuanzia 2003 uliwatoa kazini watu 10,655. Alipokea fedha zake mara moja, akanunua mashine ya kusaga mahindi, na haukupita muda mrefu akafariki. Jengo la fwaye likageuzwa ukumbi wa maombi.

Mama alianza kusahau baada ya kifo cha baba, na kwa muda mrefu sote tulidhani ni huzuni. Alitia chumvi mara tatu katika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliniita kwa jina la dada yake. Alikuwa akiamka usiku wa manane kumwandalia baba chakula cha zamu ya kwanza, akakasirika kwelikweli akiona hakuna anayekuja kukichukua. Kisha zikaja asubuhi za mfuko. Alivaa kitenge chake kizuri, akatia nyuzi na sindano za kufumia katika mfuko, akatoka.

"Mama, unaenda wapi?"

"Niko naenda ku fwaye. Nimechelewa."

Alifika hadi kwenye lile jengo, akakaa mlangoni akingoja wenzake. Wenye jengo walimwona ni kero. Watoto wa mtaani walimfuata nyuma. Na kwa kuwa alitoka pia alfajiri, akiongea na watu waliokwisha kufa, neno likaanza kupita kutoka ua hadi ua: mulozi, yaani mchawi. Anayeishi kwetu anajua uzito wa neno hilo. Limewafukuza watoto majumbani wakalala sokoni. Kwa mjane mzee linaweza kuleta mawe. Si Lubumbashi peke yake. Watafiti waliokwenda kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau Brazzaville waliona njia ileile: mtu anayeheshimiwa kwa uzee wake anageuka kuwa mtu anayeshutumiwa. Kikundi kimoja cha maombi kilitaka Mama afunge siku kadhaa bila kula ili afunguliwe. Mama alikuwa akimeza dawa za presha kila siku. Ndugu yangu mkubwa alisimama mlangoni akawaambia hapana, nami namshukuru hadi leo.

Tulimpeleka kwenye kituo cha Dr Joseph Guislain, kile cha magonjwa ya akili na neva kinachoendeshwa na Mabruda wa Charité. Tuliulizwa mambo mengi kabla ya kuambiwa lolote: anakula nini, anameza dawa gani, ameanguka lini, analala vipi. Huzuni kubwa, ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata dawa zisizopatana, vyote vinaweza kumsahaulisha mtu, na baadhi yake vinatibika. Baada ya hapo ndipo tulipoelezwa juu ya Alzheimer. Ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani aliyeupa jina lake aliueleza hadharani mwaka 1906, mwaka uleule Union Minière ilipoundwa, kwa hiyo anayesema ni laana iliyoingia juzi na simu za mkononi hana anachokijua. Dawa ya kuuondoa haipo. Lakini tuliambiwa jambo moja nililolibeba hadi nyumbani: msimfungie ndani, mpeni watu na mpeni kazi mchana, usiku utakuwa mwepesi.

Watu gani, na kazi gani? Jirani yetu mmoja alikuwa monitrise wa fwaye zamani, mwanamke mwenye miaka karibu themanini na sauti ya kuamuru. Alisikia Mama anakwenda kukaa kwenye mlango wa jengo lile. Akaja kwetu akasema hivi: "Kama anatafuta fwaye, mumulete kwangu. Kwangu iko barza."

Ndivyo ilivyoanza, bila karatasi wala mhuri. Mama alipelekwa na mfuko wake, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya bati la barza, kibaraza cha mbele ya nyumba, akapewa bakuli la karanga za kumenya. Alimenya hadi adhuhuri. Alirudi amechoka uchovu wa mtu aliyefanya kazi, akala, akalala. Wiki haikuisha, mkwe mmoja wa jirani akauliza kama anaweza kumleta baba mkwe wake, mzee aliyekuwa fundi wa reli tangu enzi za kampuni ya reli ya BCK. Huyo karanga hakuzitaka. Tulikaa naye bure hadi monitrise alipomwuliza treni ya Sakania inapita wapi. Akanyooka kitini, akaanza kutaja vituo kimoja kimoja, Tshinsenda, Mokambo, na palipokuwa na kona kali alionyesha kwa mkono. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulimwomba ruhusa ya kuondoa treni. Yeye ndiye aliyefungua siku.

Nataka nieleze kazi zenyewe, kwa sababu watu wakisikia habari hizi hufikiri tuliwachezesha wazee kama watoto wa chekechea. Walichambua maharage. Walitoa majani ya sombe kwenye vikonyo, na yule asiyeona vizuri alifanya kwa vidole bila kukosea. Walifuma vipande vya mraba ambavyo monitrise aliviunga vikawa blanketi za watoto wachanga, na blanketi hizo zilifunika watoto wa kweli mtaani. Mama hakujua tena mwaka tuliomo, lakini kisigino cha soksi ya mtoto, ambacho mimi mwenye akili timamu nimeshindwa kukifuma hadi leo, alikigeuza huku akizungumza. Waliimba nyimbo za misa na nyimbo za gitaa za enzi za Jean-Bosco Mwenda. Yule wa reli alikumbuka Jecoke, vijana wachekeshaji wa Kenya, mtaa wetu wenyewe wa Kenya hapa Lubumbashi, akasimama kuonyesha walivyocheza, wakwe zake wakashangaa maana nyumbani hakuwa akitoa neno.

Aliyechanganya mambo hakusahihishwa. Hiyo ilikuwa sheria ya monitrise, na aliitunga mwenyewe. Mama alisema baba yupo zamu, basi yupo zamu. Aliulizwa anapenda kula nini akirudi, na asubuhi ikaenda kwa habari za samaki wa bitoyo na nyanya. Mimi nilikuwa nikimwambia ukweli kila mara, kwa upole, na kila mara alipokea msiba upya. Pale barzani niliona namna nyingine ya kumheshimu.

Jambo ambalo hatukulitarajia lilitokea upande wa pili wa nyumba. Sisi tuliowaleta wazee, wengi wetu mabinti na wakwe, tulizoea kukimbilia sokoni mara tukishawaacha. Baadaye tukaanza kubaki kidogo uani, tukisubiri chai. Humo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza mwanamke mwingine akisema kwamba amempiga mama mkwe wake mkono usiku, akalia hadi asubuhi. Hakuna aliyemhukumu. Kumtunza mtu wa namna hii kunamla mtunzaji kimyakimya: hulali, huwezi kufanya biashara, dada zako walioko Kinshasa au Ubelgiji wanakupigia simu kukuelekeza, na mume anauliza hadi lini. Tulifundishana mengi. Kuficha funguo kwa kitambaa cha rangi ya mlango. Kumwogesha mzee jua likiwa juu, maji ya uvuguvugu, kuanzia miguuni. Kushona namba ya simu ndani ya upindo wa kitenge. Kuwasha taa ya jua chooni kwa sababu umeme wa SNEL hautabiriki na giza linawatisha. Tukaanzisha likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na fedha za zamu yangu ndizo zilizonunua godoro la Mama lenye mpira.

Hayo yalikuwa yameshazoeleka tulipopata habari za Hai, Tanzania. Mpwa wangu, muuguzi, ndiye aliyeleta. Kule wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Newcastle walikuwa wamewahesabu wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na baadaye, katika utafiti uliotangazwa 2017, wakawakusanya baadhi yao vijijini kwa vikao 14 vya mazoezi ya akili katika majuma saba. Mpango wenyewe ulitungwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake, ukathibitishwa huko mwaka 2003, lakini Hai waliubadilisha kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakusoma shule na macho yamefifia: badala ya maandishi, vitu vya kushika, vyakula, nyimbo, hadithi za utotoni. Akili za wazee zilipata nguvu kidogo, wasiwasi ukapungua. Monitrise alisikiliza maelezo yote, akasema huo ni utaratibu wa fwaye. Hakukosea sana. Hata hivyo tulichukua mambo mawili: kufungua na kufunga siku kwa wimbo uleule, na kila siku kuwa na mada moja, mvua, harusi, soko, ili mazungumzo yasitawanyike.

Mama aliendelea kupotea. Sitaki mtu adhani barza ilimponya. Kwanza alipoteza soksi, kisha mraba, kisha akawa anashika uzi tu na kuuzungusha kidoleni. Mwisho alikaa katikati ya wenzake macho ameyafumba, mguu ukifuata wimbo. Lakini neno la ulozi lilikufa mtaani kabla yake, na liliuliwa na kitu rahisi: kila aliyepita barabarani alimwona mchana, kati ya watu, mikono inafanya kazi. Watoto waliomzomea ndio waliokuja kuchukua karanga zilizomenywa. Alipofariki, wale wa kikundi cha maombi walikuja matangani na kuketi nasi.

Monitrise naye ametangulia. Barza inaongozwa sasa na binti yake na mpwa wangu muuguzi, asubuhi tatu kwa wiki, nami ninakwenda bado. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mji huu, uliokuwa na fwaye katika kila kambi, unaweza kuwa nazo tena kwa ajili ya wazee walioujenga. Baadhi ya majengo bado yamesimama, na wanawake waliofundishwa humo bado wapo wenye akili zao na nguvu zao. Katika miji mikuu ya nchi za jirani, Brazzaville na Bangui, hesabu za 2008 na 2009 zilikuta karibu wazee saba au wanane kwa kila mia wa miaka 65 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Sioni sababu ya Lubumbashi kuwa tofauti. Parokia zina kumbi tupu siku za katikati ya wiki. Kampuni mpya za shaba na kobalti zinapaka rangi shule na kupigwa picha; ziwakumbuke pia waliochimba kabla yao.

Kwa sasa tunahangaika na mvua. Kuanzia Novemba upepo unaingiza maji chini ya bati na tunalazimika kuwarudisha wazee nyumbani, na wiki ya mvua nyingi usiku wao huvurugika tena. Fundi ametupa bei ya kuziba upande mmoja kwa matofali na kuweka choo cha kukalia, kwa kuwa magoti ya wengi hayakubali tena kuchuchumaa. Matofali tumeshapata. Choo tunakitafuta.