Watoto Watabaki na Nani? Safari Yetu ya Killeen, Texas

Wengi wetu tukisafiri mbali huwa ni kwa harusi, msiba au mzazi aliyejifungua. Sisi, mume na mke, mwaka 2024 tulivuka bahari kwa ajili ya kutia saini karatasi.

Binti wa dada yetu mkubwa alipata viza ya bahati nasibu, akaenda Marekani, na baadaye akajiunga na jeshi la nchi kavu la huko. Mwenye kibali cha kudumu cha kuishi nchini humo huruhusiwa kujiandikisha hata kabla hajawa raia. Huko jeshini akaolewa na askari mwenzake, nao wamejaliwa watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka miwili. Baba anavaa gwanda, mama anavaa gwanda, na wote wawili wanaweza kuitwa siku moja. Akatuandikia: “Mama mdogo na baba mdogo, njooni. Kuna jambo la watoto haliwezi kumalizwa kwa simu.”

Tulitoka Kilimanjaro, tukapitia Doha, tukashuka Dallas. Kutoka hapo hadi Killeen ni kama kilomita 250 kuelekea kusini, kwa barabara pana ambazo mtu haoni mtembea kwa miguu hata mmoja. Nchi ni ya vilima vifupi vya mawe ya chokaa na miti midogo, na joto lake mchana lilitukumbusha Same. Mji wenyewe umekua kwa sababu ya kambi iliyofunguliwa mwaka 1942. Kila baada ya hatua chache kuna kinyozi wa kunyoa kiaskari, fundi wa kushona vyeo kwenye sare, duka la rehani, na maghala ya kukodi ambamo askari huacha vitanda na makochi yao wanaposafiri. Tulipoyaona maghala hayo tulicheka, kwamba hata kochi limetafutiwa mahali pa kukaa. Hatukujua bado kwamba ndilo lililotuleta.

Langoni tulisoma Fort Cavazos, jina lililowekwa Mei 2023 kwa heshima ya jenerali mmoja mzaliwa wa Texas. Kabla ya hapo paliitwa Fort Hood, na mwaka 2025 jina la Hood likarudishwa. Wenyeji hawakuwa wameacha kulitumia hata siku moja. Hati zetu za kusafiria zilikaguliwa, tukapewa kibali, tukaingia. Ni zaidi ya kilomita za mraba 800, na ndani yake mna shule, makanisa, duka kubwa la vyakula na hospitali. Saa 11 jioni ilisikika tarumbeta. Magari yote yakasimama, watu wakashuka na kuelekea upande wa bendera inayoshushwa. Sisi tulidhani ni ajali. Yule mjukuu wa miaka sita akatushika mikono, akatusimamisha wima kama wengine.

Usiku ule watoto walipolala, binti alileta mezani jalada nene. Jeshi la Marekani humtaka askari anayelea mtoto peke yake, na pia mume na mke ambao wote ni askari, kuandika mpango wa malezi ya watoto. Mpango huo hukaguliwa na kuidhinishwa na kamanda wa kikosi, na kila mwaka huhakikiwa upya. Lazima uwe na mlezi wa muda mfupi, raia anayeishi karibu, anayeweza kuwapokea watoto hata usiku wa manane. Lazima uwe na mlezi wa muda mrefu, wa kukaa nao miezi. Kama huyo anaishi mbali, awepo na mtu wa kuwasafirisha watoto hadi kwake. Kisha hati ya uwakili ya kumwezesha mlezi kumpeleka mtoto hospitali na shule, utaratibu wa kumpelekea fedha kila mwezi kutoka kwenye mshahara, na barua ya maelekezo. Askari asiyeweza kuonyesha mpango wa kweli anaweza hata kuondolewa jeshini.

Kama ni mambo ya kusubiri dharura, mtu angeweza kuona wanazidisha. Lakini Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, maelfu ya askari wa Marekani walipelekwa Ulaya kwa amri ya siku chache tu. Na hata pasipo vita, kikosi huweza kukaa ng’ambo miezi tisa.

Zamani wasiwasi huu haukuwapo, kwa sababu mbaya. Kwa amri ya mwaka 1951 mwanamke askari aliyepata mimba au aliyekuwa na mtoto mdogo aliweza kuondolewa jeshini, na kufukuza wajawazito kuliendelea hadi mwaka 1975. Tangu 2022, mama aliyejifungua katika jeshi la nchi kavu hapelekwi ng’ambo kwa miezi 12 ya kwanza isipokuwa mwenyewe akubali. Mmoja wetu ni muuguzi, ameona kinamama wanaorudi kazini maziwa yakiwavuja, akasema hilo peke yake lingetosha kumsifu mtu aliyeliandika.

Kwa siku za kawaida kuna vituo vya kulelea watoto ndani ya kambi, kuanzia mtoto wa wiki sita hadi miaka mitano, na ada hupangwa kwa kipato cha familia. Ni vizuri, ingawa kupata nafasi ni kusubiri foleni. Kwa muda mfupi, jirani yao, mama wa Kikenya ambaye mumewe ni askari, alikwisha kukubali na kutia saini. Shida ilikuwa ni yule mlezi wa miezi tisa.

Binti alikwisha kuandika jina la mama yake mzazi. Nani mwingine? Kwetu mtoto akikosa pa kukaa, bibi yupo. Tunaowajua sisi waliotumwa kulinda amani Darfur na Kongo waliwaacha watoto kwa bibi, kwa maneno ya sebuleni tu. Na dada yetu, alipoulizwa kwa simu, alijibu kama ambavyo bibi yeyote angejibu: “Nitamkataaje mjukuu wangu?”

Ndipo tulipoisoma ile barua ya maelekezo. Ilikuwa kurasa nne kwa mwandiko wa mkono. Mkubwa halali taa ikizimwa yote. Mdogo akilia usiku asibebwe, apigwe mgongo taratibu. Mkubwa amekatazwa simu siku za shule. Na kwenye ukurasa wa tatu: mdogo ana pumu, amelazwa mara mbili, pampu yake isikae mbali na mkono wa mtu mzima.

Tulitazamana. Jiko la dada yetu kule Marangu ni la kuni. Ana shinikizo la damu, na dawa anazimeza akikumbuka. Chumba cha pili amelala baba yetu mzee, ambaye hageuki kitandani bila kugeuzwa. Kuna wajukuu wengine wawili. Binti hakuyajua yote haya, kwa sababu mama yake kwenye simu husema “tuko salama” tu.

Mwaka 2009, huko Georgia, askari mmoja, mpishi, mama asiye na mume, hakupanda ndege ya kwenda Afghanistan. Mpango wake ulikuwa umeandikwa, na mlezi alikuwa mama yake mzazi. Lakini yule bibi alikuwa tayari anawatunza wagonjwa wa familia, akamlea mtoto kwa siku chache, akaona hawezi, akamrudisha. Askari yule alikamatwa, na mwaka uliofuata akaachishwa jeshi. Binti alikisikia kisa hicho mafunzoni. Alikisimulia, halafu akanyamaza, akifuta mezani mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Sisi tunaishi Moshi mjini, tunapika kwa gesi, hospitali ya KCMC haiko mbali, na watoto wetu wamekwisha kujitegemea. Tulikaa chumbani hadi saa nane usiku. Mmoja wetu alikuwa na hamu ya kusema ndiyo papo hapo. Mwingine aliuliza nani atakayeamka usiku pampu ikihitajika siku muuguzi akiwa zamu. Lilikuwa swali la haki. Aliyeuliza alijifunza kuitumia kesho yake asubuhi, mara tano, mbele ya mtoto aliyekuwa akicheka.

Kumweleza dada ndiko kulikokuwa kugumu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo sasa nyinyi ndio bibi?” Akakata simu. Siku mbili hakupokea.

Tulitia saini katika ofisi ya wanasheria wa jeshi, mbele ya mshuhudia viapo, bila malipo. Walitueleza wazi kwamba hati ile haibatilishi amri ya mahakama yoyote kuhusu watoto. Tulipewa nakala za vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na pasi za watoto, ambazo ni za Marekani. Maana yake wataomba viza kuingia nchi ya bibi yao.

Tuliporudi tulipanda Marangu, tukiwa na jiko la gesi alilolinunua binti na nakala ya barua. Dada alivaa miwani, akatafuta jina lake. Aliliona ukurasa wa mwisho, ulioongezwa tukiwa kule: kila Jumamosi na Jumapili watoto wawe kwa bibi Marangu. Akausoma mara mbili. Halafu akauliza kama yule mdogo anakula mtori, kwa maana barua haikusema.

Tulimpigia binti hapo hapo. Kwetu ilikuwa saa nane mchana, Texas saa 12 asubuhi. Alikuwa garini, akiwahi kumshusha mdogo kituoni kabla ya mazoezi. Akasema anakula, ila upondwe sana.