Kagoshima: Mji wa Samurai wa Mwisho

Mpenzi msomaji, ukibahatika siku moja kuzuru Japani, usikomee Tokyo. Abiri garimoshi la mwendo wa kasi uelekee kusini, mpaka pale linapofikia mwisho wa safari yake katika kisiwa cha Kyushu. Hapo utateremka katika mji wa Kagoshima.

Kitakachokulaki kwanza ni mlima. Ng'ambo ya ghuba umesimama Sakurajima, volkano ambayo hadi leo hutema moshi na majivu. Usishangae ukiwaona wenyeji wamefungua miavuli ilhali hakuna hata tone la mvua. Wanajikinga na majivu.

Lakini leo nataka tupande kilima kingine, kidogo tu, kilicho katikati ya mji. Kinaitwa Shiroyama, na urefu wake ni mita 107. Hapa ndipo samurai walipopigana kwa mara ya mwisho, alfajiri ya tarehe 24 Septemba, 1877.

Samurai walikuwa nani? Walikuwa askari wa ukoo, wakiwatumikia mabwana wa majimbo na kulipwa kwa mchele. Wao pekee ndio walioruhusiwa kutembea na panga mbili kiunoni. Kwa zaidi ya miaka 260, nchi nzima ilikuwa chini ya ukoo mmoja wa kivita, Tokugawa.

Utawala huo ulianguka mwaka wa 1868. Na walioungusha, msomaji wangu, hawakuwa wakulima wala wageni. Walikuwa samurai wenyewe! Wawili kati ya vinara wao walikulia katika mtaa mmoja hapa Kagoshima, mtaa wa Kajiya ulio kando ya mto Kotsuki: Saigo Takamori na Okubo Toshimichi. Walikuwa marafiki tangu utotoni. Waliona meli za kivita za mataifa ya Magharibi zikibisha hodi, wakaamua kwamba Japani ikibaki ilivyo itamezwa.

Basi wakaanza kubomoa. Mwaka wa 1871 majimbo ya mabwana yalivunjwa. Mwaka wa 1873 ikatoka sheria ya kuandikisha jeshini vijana wa kila tabaka, hata wana wa wakulima. Mwaka wa 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani, na posho zao zikageuzwa kuwa hati za deni la serikali. Hebu fikiria: mtu aliyezaliwa akiheshimiwa, mwenye kazi moja tu aliyorithi kwa baba na babu, anaamka asubuhi hana kazi, hana posho, hana upanga.

Saigo alikuwa ameshajiuzulu mwaka wa 1873, baada ya kutofautiana na Okubo na wenzake kuhusu Korea. Alirudi nyumbani, na vijana waliokata tamaa wakamfuata. Shule walizofunguliwa zikawa kambi za hasira. Mapema mwaka wa 1877 hasira hiyo ikalipuka. Saigo akaongoza maelfu ya samurai kuelekea kaskazini, lakini ngome ya Kumamoto ikawashinda. Waliizingira kwa takriban siku 50 bila kuiteka.

Usidanganywe na filamu, ukadhani walipigana kwa panga pekee. Walikuwa na bunduki na mizinga. Kilichowaishia ni risasi. Waliowashinda walikuwa jeshi lile lile jipya ambalo Saigo mwenyewe alisaidia kulijenga. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ukipanda Shiroyama utaliona pango dogo ambamo Saigo alikaa siku zake tano za mwisho. Alibaki na watu mia chache tu, wamezingirwa na makumi ya maelfu ya askari. Alfajiri ile waliteremka kilima. Risasi ikampata Saigo, akaanguka, na mfuasi wake Beppu Shinsuke akamkata kichwa kwa desturi ya samurai. Chini ya kilima, ukuta wa mawe wa shule yao ungali na matundu ya risasi. Si mbali na hapo yapo makaburi ya wafuasi zaidi ya 2,000, yakitazama Sakurajima.

Na Okubo je? Tarehe 14 Mei, 1878, miezi minane tu baadaye, samurai wa zamani walimvizia njiani Tokyo wakamuua. Marafiki wawili wa mtaa mmoja wakawa wameondoka, kila mmoja akiwa upande wake.

Serikali ilimsamehe Saigo mwaka wa 1889, na Kagoshima ikamsimamishia sanamu mwaka wa 1937. Okubo alisubiri hadi mwaka wa 1979 kupata yake. Mji haukuwa mwepesi kumsamehe mwana aliyepigana na wana wenzake, ingawa Japani mpya ilikuwa kazi ya mikono yake.

Samurai wengine hawakufa kilimani. Walivua panga wakawa walimu, polisi, makarani na wafanyabiashara, na watoto wao wakaketi darasani pamoja na watoto wa wakulima.

Kwa hivyo, msomaji, ukifika Kagoshima usiishie kwenye sanamu ya Saigo. Vuka, uitafute na ya Okubo. Anayemwona mmoja na kumwacha mwenzake ameisoma nusu tu ya hadithi.