Mwili na Istilahi za Mhakiki

Neno “ngoma” hukusanya ala, wimbo, uchezaji na hafla yenyewe. Ndipo ugumu wa mhakiki unapoanzia. Faustin Linyekula, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walipoasisi kundi la Gàara jijini Nairobi mnamo 1997, waliwadai watazamaji waliozoea ngoma za Bomas wausome mwili wa mchezaji mmoja, si wa kabila zima. Deni hilo halijalipwa, hasa na idara za fasihi (zinazoikumbatia tamthilia kwa kuwa ina maneno!). Linyekula alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mnamo 2001, kisha akaihamishia Kisangani, mji uliochakazwa na vita, ambamo Kiswahili na Kilingala husikika pamoja. Huko chipukizi hupewa nafasi ya kutunga kazi zao wenyewe. Zitahakikiwa kwa lugha ipi, ilhali hata “mtunzi wa uchezaji” bado ni jina la kubahatisha?